Taa ya Birika

Mnyuzi, Korogwe
11 Februari 2024

Mjomba Mikaeli,

Shikamoo. Habari za Chanika, na za upweke? Sisi huku tunaendelea. Mama goti linamsumbua ila mdomo hauna ugonjwa wowote, ungemsikia anavyogombana na kuku. Watoto wanasoma. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na kila mgeni lazima aoneshwe mapengo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Juzi nilipokupigia nilisema "taa za gari", ukanijibu kwamba mahindi bado hayajakauka. Zile mashine za mkonge zimekula masikio yako, Mjomba, tusidanganyane, ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua anakuletea Awadhi, yule muuza mitumba anayekuja gulio la huku. Ukiwa na jibu mpe yeye.

Ile pikapu yako ya zamani uliyomwachia Mama imeamka. Fundi wa mjini ameifungia injini nyingine na sasa naendesha mimi. Usicheke. Napeleka machungwa na mbogamboga Korogwe mara tatu kwa wiki. Shida ni hizi taa za dashibodi. Ikiwaka moja tu, moyo unanipasuka, nakimbilia gereji, na fundi akifungua boneti anasema, "Eeeh, hii kubwa hii, mama." Kila kitu kwake ni kikubwa. Nataka nijue mwenyewe, hapahapa nyumbani, taa gani inasema nini. Wewe ulitengeneza magari ya shamba la mkonge miaka thelathini. Nifundishe.

Sitaki yanikute yaliyomkuta Ernesti. Mwaka wa tatu huu mume wangu yuko Kerenge kwa kaka yake, tangu injini ya zamani inoki, ife kabisa, mkononi mwake, na mimi niko hapa na gari. Mama bado anasema mwanamume asiyeona taa nyekundu mbele ya pua yake hawezi kuona hata watoto. Mimi nachochea ugali.

Mpwa wako,
Ritha

*

Chanika, Handeni
25 Februari 2024

Mpwa wangu Ritha,

Marahaba, mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa kucheka. Kumbe ulikuwa unasema taa! Mimi nilijua unataka gunia la mahindi, nikawa nakasirika peke yangu hapa. Huku salama. Jirani yangu Sadala amenunua jogoo asiyejua saa, anawika saa nane ya mchana. Mwambie Mama yako goti alikande kwa maji ya moto na apunguze kusimama akigomba.

Sasa sikiliza vizuri. Nunua daftari. Kila taa itakayowaka uichore ilivyo, uandike rangi yake, na ilikukuta wapi, mlimani au umesimama. Fundi wa kweli huuliza hayo kabla hajashika spana. Nyekundu maana yake simama hapohapo, usiseme ngoja nifike kwa fulani. Njano unaweza kurudi nayo nyumbani taratibu ukatafute sababu. Kijani na bluu ni habari tu, kwamba taa kubwa zinawaka na mambo kama hayo.

Ile ya kiboksi chenye alama za kujumlisha na kutoa ni ya betri, lakini usikimbilie kununua betri! Mara nyingi ni mkanda wa oltaneta, ile inayochaji betri, umelegea. Zima injini, ubonyeze kwa kidole gumba. Ukizama sana, ukaze. Duara lenye alama ya mshangao ni breki: kwanza tazama kama umesahau handbreki (najua utasahau), halafu tazama mafuta ya breki kwenye kikopo chake. Ya kipimajoto kwenye maji ni moto wa injini. Simama, ngoja ipoe, na usithubutu kufungua mfuniko wa rejeta ikiwa bado inachemka, uso wako bado tunauhitaji.

Ya njano yenye umbo la injini yenyewe ni mbea asiyemaliza habari. Inakwambia kuna jambo, haikwambii jambo gani. Hiyo inataka kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachozungumza na simu. Mwalimu Semboja wa hapo Mnyuzi anacho, mwombe.

Ipo na ya birika lenye tone mdomoni. Hiyo ni ya oili. Karatasi imekwisha, nitaieleza siku nyingine.

Mjomba wako,
Mikaeli

*

Mnyuzi, Korogwe
17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mvua zimeanza, barabara ya shambani imekuwa uji. Mama amekanda goti kama ulivyoagiza, sasa anatembea vizuri na amepata nguvu za kunifuata hadi garini kunikosoa.

Mjomba, ningekuwa karibu ungenibeba mgongoni! Taa ya betri iliwaka nikitoka mjini. Nikaegesha, nikazima, nikabonyeza mkanda kwa kidole gumba, ukazama kama godoro. Nikarudi nyumbani polepole, nikaazima spana kwa jirani, nikalegeza bolti ya oltaneta, nikaivuta kwa mti, nikakaza. Taa ikazimika. Nilipiga kelele, watoto wakatoka nje wakidhani nyoka.

Ya duara ilikuwa handbreki. Tuishie hapo.

Ya njano ndiyo imenichekesha. Mwalimu Semboja alichomeka kidude chake, simu ikaandika herufi na tarakimu, akatafuta maana yake, akasema waya wa sensa fulani, kile kidude kinachoipa taa habari, umekatika. Nikafuata ule waya kwa mkono kutoka kwenye injini hadi nikafika mahali umetafunwa. Panya! Gari linalala kando ya banda la mahindi, wakishiba mahindi wanakuja kujipatia waya. Tukaunganisha, tukazungusha utepe mweusi, nimehamisha maegesho. Fundi wa mjini angesema ni kubwa hii.

Daftari lina taa tatu sasa. Ya birika haijawahi kuwaka hata siku moja, namshukuru Mungu. Ulisema utanieleza.

Ritha

*

Chanika, Handeni
7 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Nimemsomea Sadala barua yako barazani kwake, akasema ungekuwa mwanamume ungekuwa fundi. Nikamwambia ameshakuwa fundi, na ni mwanamke. Tumbo langu lilikuwa baya wiki iliyopita lakini limetulia.

Panya hao uwawekee majivu ya pilipili kwenye boneti. Na mkanda ukilegea tena ndani ya mwezi usiukaze, badilisha, umekwisha huo. Angalia na maji ya rejeta kila asubuhi kabla hujawasha.

Oili nayo pima kila asubuhi kwa kile kijiti chake. Kifute, kitumbukize, kitoe, usome kati ya alama mbili. Kila asubuhi, Ritha, hata kama ulipima jana. Usingoje taa.

Msalimie dada yangu Efrazia.

Mikaeli

*

Mnyuzi, Korogwe
28 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi na nikaona haya kukusumbua tena, nikamuuliza Mwalimu Semboja habari za ile ya birika. Akaniambia jambo ambalo nashangaa hukuanza nalo. Alisema ukifungua switchi bila kupiga stata, taa zote huwaka kwanza pamoja, kama wanafunzi wanavyoitwa majina na kila mmoja anaitika nipo. Halafu ukiwasha injini zinazimika. Isiyoitika ndiyo ya kuiogopa.

Nikafungua switchi. Betri ipo. Breki ipo. Injini ipo. Joto lipo. Birika halikuitika.

Mwalimu akasema pengine balbu imeungua. Jana nikachukua bisibisi nikafungua dashibodi mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, nikaziweka kwenye sahani kwa mpangilio. Nikaigeuza nyuma. Mjomba, balbu haikuungua. Hakuna balbu. Kuna tundu tupu, na tundu limezibwa kwa nyuzi za mkonge zilizosokotwa vizuri, zisipitishe vumbi.

Mimi nimekulia miguuni pako karakanani. Namjua mtu mmoja tu anayeziba matundu kwa nyuzi za mkonge.

Kwenye kikao cha ukoo mwaka 2021, cha kumhukumu kwa injini ile, Ernesti alisimama akaapa kwamba taa haikuwaka. Wewe ukasema huwaka. Nakuuliza wewe, sijamwambia Mama. Nani aliitoa?

Ritha

*

Mnyuzi, Korogwe
2 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Awadhi amekuja mara mbili bila kitu. Anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukaitia mfukoni na kumuuliza bei ya mashati. Anasema u mzima na unatembea.

Nimekaa na jambo hili mwezi mzima. Nikimpikia Mama nakaa nalo, nikiendesha nakaa nalo. Nijibu, hata kwa neno moja.

Ritha

*

Chanika, Handeni
16 Juni 2024

Mpwa wangu Ritha,

Ni mimi.

Nimeandika barua nyingine nne kabla ya hii, zote nimewashia jiko. Katika hizo nilianza na mvua na jogoo wa Sadala. Hii naanza na lenyewe.

Mwaka 2018 taa ile ilikuwa inapepesa gari likiwa limesimama. Nilipima mgandamizo wa oili kwa geji, nikakuta injini nzima, ila sensa yake ndiyo inayodanganya. Nikaagiza nyingine Tanga. Mama yako akaja kuchukua gari kabla sensa haijafika. Akaona ile nyekundu inapepesa, akaniambia mbele ya majirani, "Mikaeli, mimi dada yako mkubwa unanipa gari bovu?" Iliniuma. Nikamwambia akanywe chai, nami nikafungua dashibodi nikaitoa balbu. Nilisema ni ya wiki moja.

Sensa ilipofika nilikuja Mnyuzi nikaifunga. Utakumbuka, mlikuwa mmechinja. Balbu ilitaka kufungua dashibodi yote, mkawa mnaniita chakula kinapoa. Nikasema nitarudi. Sikurudi, na baadaye nikasahau kabisa. Sensa ilikuwa nzima, inaona kila kitu, haina mdomo wa kusema.

Siku ya kikao sikuwa nimekumbuka, nakuapia. Ernesti alisema alipima oili kwa kijiti Jumapili na taa haikuwaka. Mama yako akanigeukia, "Wewe ndiye mtu wa magari. Taa huwaka haiwaki?" Nikasema huwaka. Neno limeshatoka, ndipo nikaiona ile balbu ndani ya kiganja changu kama siku ile nilivyoitoa. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa. Ernesti ananitazama mimi, si wao, maana alidhani mimi ndiye nitakayemwokoa. Nilitakiwa kusimama. Ritha, nilikaa tu. Nikatazama miguu yangu mpaka wakamaliza.

Nati ya oili ililegea njiani, oili ikamwagika yote. Taa ingemwonya angesimama, injini ingepona, na yeye angekuwa nyumbani. Fundi hujua hesabu hii bila kuambiwa.

Ulipoomba nikufundishe nilifurahi sana. Nilifikiri nikikufundisha zile nyingine vizuri utakuwa salama na hili litalala. Balbu bado ninayo, iko kwenye kopo la misumari. Nisamehe.

Mikaeli

*

Mnyuzi, Korogwe
30 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekasirika, utaona maandishi yalivyo. Umenifundisha taa zote isipokuwa moja. Ukaniambia nisingoje taa, ukijua kwa nini, ukanyamaza!

Watoto wangu wamemkosa baba miaka mitatu kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Lakini nikishamaliza kukulaumu najikuta na mimi. Nilikuwepo kwenye kikao kile, nimeketi karibu na mlango. Ernesti hajawahi kunidanganya hata kwa jambo dogo. Aliposema haikuwaka, mimi nilipaswa kusema namwamini. Sikusema, kwa sababu wewe ulikuwa umeshasema, na wewe ni mjomba, na wewe ndiye mtu wa magari. Alipofunga begi lake sikumzuia. Kwa hiyo nami nina la kujibu.

Usiniombe msamaha kwa barua. Kerenge inafikika. Nenda kwa miguu yako, umtazame usoni, umwambie kama ulivyoniambia mimi, bila jogoo na bila mvua. Mimi sitakubebea maneno. Ukitoka huko uje kwa Mama. Na hiyo balbu usinitumie kwa Awadhi. Mpe mwenyewe.

Ritha

*

Chanika, Handeni
11 Agosti 2024

Mpwa wangu Ritha,

Mama yako ameshakusimulia la kwake, kama ameamua kusimulia. Alinisikiliza hadi mwisho, akainuka na goti lake, akaingia ndani akafunga mlango. Nilikaa nje hadi jua likachwea, kisha nikaondoka. Wewe ulikuwa mjini na gari, na nadhani ni heri.

La Kerenge ni hili. Nilimkuta Ernesti shambani anapalilia. Amekonda. Aliniamkia shikamoo, Ritha, baada ya yote yale. Nilimweleza nimesimama kwenye matuta, kwa sauti kubwa kama ninavyosema siku hizi kwa kuwa sijisikii mwenyewe, nafikiri shamba la pili lilisikia pia. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaenda kuniletea maji ya kunywa. Nikampa balbu. Akaigeuza geuza kwenye vidole, ni ndogo kama punje ya hindi, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo Ritha anajua?"

Nikamwambia wewe ndiye uliyeigundua. Ulifungua dashibodi kwa mkono wako.

Aliitia kwenye mfuko wa shati, akarudi kwenye jembe. Sikujua kama nisubiri au niondoke. Nikachukua jembe la kaka yake nikapalilia tuta lililo kando ya lake mpaka jioni.

Sikuombi unijibu.

Mikaeli

*

Mnyuzi, Korogwe
1 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Watoto hawajambo, meno ya mdogo yameota makubwa kuliko mdomo. Mama hajambo. Nilikuwa sitaki kukuandikia bado, utaona kwa nini nimeandika.

Jana Ernesti alikuja. Hakuja na begi, alikuja na shati alilovaa. Mama alikuwa ndani na alibaki ndani. Watoto walimrukia, mkubwa akaona haya akasimama mbali, kisha naye akamwendea. Mimi nilikuwa nimepanga maneno tangu mwezi wa sita na yote yakanitoka. Nikamwambia tu, "Nilipaswa kukuamini." Akasema, "Ndiyo." Akaniomba bisibisi.

Tulifungua dashibodi pamoja. Nilimshikia sahani ya skrubu. Alizitoa zile nyuzi za mkonge, akazitazama, akaziweka juu ya paa la gari. Akaitoa balbu mfukoni, akaipachika na kuizungusha robo, tukarudisha kila kitu. Akaketi kwenye usukani. Hakupiga stata. Alifungua switchi tu.

Zikawaka zote, na kati yake birika, jekundu. Ernesti akaitazama. Akasema, "Kumbe iko hivi." Miaka mitatu aliendesha gari lile, Mjomba, na jana ndiyo mara ya kwanza anaiona.

Kisha akaita, "Mama! Njoo uone."

Nilidhani Mama hatatoka. Akatoka. Alivuka uwanja polepole na goti lake, akaegemea mlango wa gari, akainama. Akaitazama ile taa muda mrefu. Akasema, "Nimeiona, baba." Hajawahi kumwita baba, unajua mwenyewe. Akaweka mkono begani kwake, hakuondoka.

Hakuna aliyethubutu kuifunga switchi. Tulikaa pale tukiizungumza ile siku, safari hii Ernesti anasimulia na sisi tunasikiliza, mpaka ile taa ikaanza kufifia, na betri ikalala kabisa. Ernesti alilala kwa jirani. Amesema hajui bado kama anarudi, na mimi sikumlazimisha.

Asubuhi hii nilitaka kupeleka machungwa, gari haliwaki. Ernesti akasema lisukumwe. Tukajihesabu: yeye, mimi, na Mama mwenye goti. Akasema hatutoshi. Jirani yuko palepale uani na vijana wake wawili wenye mabega, Mjomba, nikauliza niwaite? Akatikisa kichwa. Nikauliza, sasa tumwite nani?

Akafikiri, akafuta mikono, akasema, "Mwandikie mjomba wako."

Machungwa nimeyaweka kivulini.

Ritha